Harusi Iliyopigwa Picha Mara Mbili

Mwaka tisini na tisa ulipokuwa unakata roho, na watu wa Gisenyi hawana neno jingine mdomoni ila elfu mbili, elfu mbili, Mzee Théogène Nzeyimana aliketi barazani kwake akiurudia mwaka wake tangu mwanzo. Akacheka peke yake mpaka mkewe, Mukandutiye, akamuuliza kama ana homa. Homa ya wapi! Alikuwa ameshinda, na mtu aliyeshinda mwacheni acheke, hasa yule ambaye Januari alikuwa wa kuonewa huruma.

Januari hiyo mjukuu wake, Iriza, aliolewa na Janvier, dereva wa minibasi ya Kanama. Nzeyimana alikuwa nahodha mstaafu wa mashua za mizigo, zile za kushuka ziwa mpaka Kibuye na Cyangugu, lakini ugonjwa wake tangu ujana ulikuwa mmoja tu: picha. Alipiga watu, alipiga mitumbwi, alipiga mbuzi wa jirani, wala hakuwahi kumtoza mtu hata senti. Basi ukoo ulipotaka kumwita Hamdani, mwenye studio pale mjini, mzee aliwaka moto.

"Hamdani wa nini? Mi niko na macho, niko na kamera. Mujukuu wangu apigwe picha na mutu wa kulipwa?"

Nani angebishana naye? Filamu ikaenda Kigali kusafishwa, ikarudi dukani kwa Hamdani. Hamdani alikuwa mtu wa utani asiyemhurumia hata mama mkwe wake, lakini siku hiyo alimpa mzee bahasha na kuangalia pembeni. Picha zote zilikuwa ukungu mtupu. Bwana harusi alikuwa na pua mbili. Bibi harusi alikuwa moshi mweupe uliosimama mlangoni mwa kanisa. Ingekuwa harusi ya mtu mwingine, watu wangecheka mpaka mbavu ziume.

Ubaya haukuwa wa kamera. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka. Ilianza kidogo kidogo, kwenye kikombe cha chai, naye kwa kiburi chake akazoea kusema, "Nitilie nusu tu, mama, sina hamu." Mukandutiye akamtilia nusu, kila asubuhi, bila kuuliza. Wanawake wanajua mengi kuliko wanavyosema.

Iriza hakumgombeza. Alizipanga picha mezani, akazitazama moja moja, akazirudisha kwenye bahasha, akamshukuru babu yake kwa Kinyarwanda, "Murakoze, Sogokuru." Afadhali angemtukana. Maana binti huyu hakuwa anataka picha za kuringia majirani. Mwaka tisini na nne, walipokimbilia Goma na dunia nzima, mzee alining'iniza kamera shingoni akaziacha albamu kabatini. Kamera, alijiambia, inaweza kuuzwa kwa chakula. Albamu nani atainunua? Kule Goma kipindupindu kikamchukua Donatha, mama yake Iriza, binti pekee wa mzee. Waliporudi nyumbani hakukuwa na mlango, hakukuwa na kabati, na karatasi zote zilikuwa zimewashia watu moto. Kwa hiyo Iriza hakuwa na sura ya mama yake popote ila kichwani, na kichwani nako sura huchakaa. Ndiyo sababu alitaka za harusi yake. Na babu yake, yule yule aliyebeba kamera akaacha picha, akamfanyia moshi.

Jambo hilo lilimtafuna mzee. Akaibeba kamera mpaka studio akaiweka juu ya meza ya Hamdani.

"Nunua hii."

"Mi sinunui kitu kwa mutu mwenye hasira," Hamdani alisema. "Kesho utakuja kuililia hapa. Bon, kapige filamu moja kwanza, hata ya samaki. Hasira ikiisha, urudi."

Mzee akapanda minibasi mpaka Rubona. Pale bandarini asubuhi wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hurudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, na wakiwa kazini hakuna mwenye muda wa kumtazama mzee anayetetemeka. Alipiga, akaharibu. Akapiga tena, akaharibu tena. Miezi ikapita hivyo. Kila bahasha ilipofika, Hamdani aliishika kwa ncha za vidole.

"Mzee, hawa ni wavuvi ama mizimu?"

Watu wakamwambia aache. Hata padri alimwambia kwa upole kwamba kila kitu na wakati wake. Nzeyimana akaitikia ndiyo, ndiyo, padri, na kesho yake akarudi Rubona. Ubishi ni mali, kama unajua pa kuutumia.

Ndipo siku moja, miezi ya kiangazi, wavuvi walikuwa wanasukuma mtumbwi mpya majini. Mtumbwi ukagoma. Wakaanza wimbo wa makasia, ule ambao mmoja anatupa mstari na wengine wanaudaka, lakini mwanzishaji alikuwa kijana asiye na pumzi. Mzee hakuweza kuvumilia. Enzi zake yeye ndiye alikuwa mwanzishaji, kabla hata ya mashua za injini. Akaupokea wimbo kwa sauti yake yote, jicho kwenye kamera, na mtumbwi ukateremka.

Filamu iliporudi, Hamdani alimwita kutoka ng'ambo ya barabara, mbele za watu.

"Hii nani alikupigia?"

"Mi mwenyewe."

"Usinidanganye, mzee wangu. Hapa naona mpaka jasho kwenye nyusi."

Mzee akaitazama. Kweli, jasho lilionekana, na kamba, na meno ya yule kijana asiye na pumzi. Akaenda nayo nyumbani mbio kama mtoto aliyepasi mtihani, akamweleza mkewe siku ile ilivyokuwa: mtumbwi, wimbo, kila kitu. Mukandutiye alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kikombe, akakijaza chai mpaka ukingoni, akakisukuma mbele yake.

"Imba, tuone."

Mzee akaimba. Akakiinua kikombe, akakizungusha mezani, akakirudisha. Hakikumwagika hata tone. Akanyamaza, akakishika tena, chai ikamwagika mpaka kwenye suruali. Wakacheka wote wawili hadi machozi, na tangu siku hiyo hakunywa tena nusu kikombe. Kwa nini wimbo ulimtuliza mkono, mimi sijui, na mzee mwenyewe hakuhangaika kujua. Mwenye njaa haulizi ugali umepikwa na nani.

Sasa ndipo mji ukampata mwendawazimu wake. Mzee aliwapiga watu picha huku akiimba, na wale watu wetu, ambao mbele ya kamera husimama kama wanasubiri hukumu, walipomsikia mzee mzima anawaimbia wimbo wa makasia walishindwa kujizuia. Wakatoka kwenye picha wakicheka, hata bibi mmoja wa Kanama ambaye wanawe walisema hawajaona meno yake tangu uhuru. Hamdani akalalamika kwamba anaharibiwa kazi na mtu anayepiga bure. Alilalamika hivyo huku akimwonyesha kila mteja ile picha ya Rubona.

Sifa zote hizo, mzee hakuzionea raha. Kila picha nzuri ilimkumbusha zile mbaya. Mwezi wa kumi na moja Iriza akajifungua mtoto wa kike, na Desemba mzee akaenda kwake, akakaa, akanywa maji, akazungumzia mvua, na mwishoni akasema lile lililomleta.

"Iriza, vaa tena. Nipe harusi yako mara ya pili."

Iriza akajishika kiuno. "Gauni halitanienea, Sogokuru."

"Tutafunga pini nyuma. Kamera haioni nyuma."

Mama yake Janvier, Mama Kampire, mjane wa mvuvi wa Rubona, hakupendezwa hata kidogo. Ndoa ni moja, alisema, donc harusi ni moja. Lakini Jumapili ile alikuja, tena amevaa mushanana ule ule wa Januari, vazi lake la sherehe. Gauni la kukodi likafungwa kwa pini kuanzia kiunoni mpaka shingoni. Wakasimama uani, Janvier na tai yake, Iriza na maua. Mtoto akalia. Kampire akamchukua akae naye pembeni, na Iriza akanyoosha mikono arudishiwe.

"Mutoto kwenye picha ya harusi?" Kampire alishtuka. "Watu watahesabu miezi."

"Wahesabu. Hesabu iko sawa." Akampakata mwanawe. "Mi sina picha hata moja nikiwa mikononi mwa mama yangu. Huyu atakuwa nayo."

Mzee akainua kamera, akafungua mdomo kuimba, na sauti haikutoka. Mikono ikaanza, na safari hii ilitetemeka vibaya kuliko siku zote. Alijua anaharibu tena, mbele yao wote.

Ndipo wimbo ukaanza, lakini si kinywani mwake. Kampire ndiye aliyeutupa mstari wa kwanza, kwa ile sauti nene ya wanawake wa bandarini. Mukandutiye akaudaka. Janvier akaudaka. Majirani wakaudaka juu ya ukuta. Mzee hakuimba, machozi yalimzidi, lakini mikono yake iliusikia ikatulia. Akapiga. Akapiga mpaka filamu ikaisha.

Hamdani alizileta bahasha mwenyewe, kwa miguu, bila utani. Iriza akazipanga mezani moja moja, kama zile za kwanza. Unaziona kope za mtoto. Unaliona tabasamu la Iriza akimtazama mwanawe. Mukandutiye aliinama juu ya picha ile, akaigusa kwa kidole, akasema taratibu, "Donatha."

Nzeyimana naye alikuwa amemwona. Lilikuwa paji lile lile, na shingo ile ile iliyoinamia mtoto, kama zamani alipompiga picha Donatha akiwa na Iriza mchanga, picha ile iliyokwenda na moto.

Iriza akawatazama wazee wake, akaitazama picha, akaelewa.

"Hii nataka mbili," alisema. "Moja ya mutoto, na moja yangu."

"Hamdani," mzee alisema, na safari hii sauti ilitoka nzima, "toa tatu."