Gari Lisilovaa Miwani

Mume wangu wanamwita Suka, yaani dereva. Si mtaani tu, hata wanangu wakikorofishana naye utawasikia, "Suka leo kaamka na lake." Alikuwa dereva wa ofisi kubwa miaka nenda miaka rudi, akawaendesha mabosi wanene kwa wembamba, akastaafu bila mkwaruzo hata mmoja. Hilo la mkwaruzo atakuambia kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia haoni vizuri, hujampa habari ya macho. Umemwambia si dereva tena, na kama si dereva, basi ni mzee fulani tu anayeshinda barazani akisubiri chai ya mkewe. Ndiyo maana sote nyumbani tulijua, na sote tukafunga midomo. Binti yetu muuguzi ndiye aliyethubutu. Alimmulika kwa tochi ya simu pale sebuleni, akasema, "Baba, huyu ni mtoto wa jicho. Upasuaji mdogo tu, unaingia asubuhi, jioni uko nyumbani." Suka akamjibu kwamba watoto alionao wanamtosha, akafungulia redio.

Mimi nauza vitunguu sokoni. Kila alfajiri hunipeleka kuwahi mzigo kwa kigari chetu cha zamani, yeye kwenye usukani, mimi pembeni yake, magunia matupu nyuma. Na kazi yangu humo garini ilikuwa moja.

"Tuta hilo."

"Nimeona."

"Baiskeli, baba, baiskeli!"

"Nimeona, mama. Kwani mimi kipofu?"

Alikuwa anaona vizuri sana, ila baada ya mimi kusema. Zamani nilikuwa nasali njiani. Nikaacha, maana mdomo ulikuwa kazini. Na nilikuwa naogopa, sikufichi. Kila asubuhi nilishuka sokoni nikiwaza kwamba ipo siku tutaua mtoto wa mtu, halafu tukamwambie nini mama yake.

Siku moja nikapiga chafya. Chafya moja tu, macho yakafumba, na gari likaingia kwenye mkokoteni wa muuza maji. Mwenyewe aliwahi kurukia mtaroni, madumu yakabingirika barabara nzima. Suka akashuka, akakagua bampa kwanza, kisha mtu. "Pole, kijana," akamwambia. "Taa hizi zimechoka, hazimuliki kitu." Kijana mwenyewe alikuwa na mvi kichwa kizima. Akajipangusa tope, akaziangalia taa, akamwangalia Suka, akaanza kuokota madumu yake.

Basi lawama zote zikazishukia taa, masikini, ambazo hazina mdomo wa kujitetea. Jumamosi tukawa kwenye duka la vipuri, Suka amevaa shati la kuendea ofisini.

"Nataka balbu za zenoni," akasema. "Zile za magari ya kisasa."

Muuzaji akapanga maboksi matatu juu ya kaunta. Moja limeandikwa elfu nne na mia tatu, jingine elfu sita, la mwisho elfu nane.

"Ipi kali?"

"Mzee, namba hizi ni za rangi, si za nguvu. Hii ya chini mwanga wake una unjano kidogo, na ndiyo inayoonyesha barabara vizuri. Ya juu inaelekea kwenye bluu. Ile ni ya kupendeza zaidi."

Suka akanigeukia, akacheka. "Umemsikia huyu? Anataka kuniuzia nne wakati nane ipo." Akachukua nane. Nikamwambia labda tumsikilize mwenye duka, biashara ni yake. Akanijibu kwamba nikitaka kujadili vitunguu atanisikiliza mimi.

Fundi umeme alikuwa na banda lake nyuma ya duka hilohilo, jamaa mwembamba mwenye bisibisi iliyochomekwa nyuma ya sikio. Alifungua boneti, akachomoa balbu za zamani, akatoboa vifuniko vya nyuma ya taa apitishe waya, akafunga karibu na betri viboksi viwili vya kupandishia umeme. Balbu mpya alizishika kwa kitambaa safi, maana mafuta ya vidole huziharibu. Kabla hajazipachika, akasita.

"Mzee, nyumba za taa zako zilitengenezwa kwa balbu ya kawaida. Ukiweka zenoni hivihivi, mwanga unatawanyika ovyo. Inatakiwa lenzi mbele yake iukusanye. Tuseme gari nalo linavaa miwani."

Nikakohoa. Sikuweza kujizuia, jamani.

"Gari langu halivai miwani," akasema Suka.

Fundi akanitazama, nami nikatazama betri. Akazipachika. Akawasha, akalielekeza gari ukutani, akaanza kuushusha mwanga kwa skrubu.

"Inua," akasema Suka.

"Zikiinuka zitawapiga wenzako machoni."

"Inua, bwana. Nataka kuona mbali, sikuja hapa kuangalia matairi yangu."

Zikainuliwa. Ukuta wote ukawa kama shuka lililozidishiwa buluu. Suka akasimama mbele yake mikono kiunoni, akatabasamu, na niseme kweli, sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu astaafu. Ndiyo maana nilinyamaza. Balbu za zamani fundi alizifunga kwenye gazeti akaziweka rafuni, akasema zitamsubiri mwenyewe.

Haya, tukaanza maisha ya nuru. Alfajiri ya kwanza kila gari lililokuja mbele yetu lilitupigia taa.

"Unaona?" akasema Suka. "Wamenitambua. Madereva wa zamani ndivyo tunavyosalimiana."

Naye kwa kuwa ni mtu wa adabu, akawa anamjibu kila mmoja kwa taa kali zaidi. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani akamtaja mama yake Suka, tena kwa kirefu.

"Huyo anawajua hadi wazazi," nikamwambia.

"Wivu tu. Angalia barabara."

Nikaangalia barabara, kama kawaida. Tuta. Nimeona. Shimo. Nimeona. Tofauti ilikuwa rangi. Sasa nilikuwa namtajia mashimo ya bluu.

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la Suka lilikuwa pia na ugonjwa wa kuambukiza. Kaka yangu mkubwa husambaza mayai kwa pikapu. Suka akamkalia kitako: shemeji zenoni, shemeji nane, shemeji waambie waziinue. Wakaenda wote kwa fundi yuleyule wakarudi wakipongezana kama waliotoka kuposa.

Wiki haikuisha. Barabara ya sokoni ina mahali inapobana, mtaro huku, mtaro kule. Tulipoingia pale, mbele yetu pakawaka jua.

"Sioni!" akapiga kelele Suka. Neno lile sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nami nikafungua mdomo kumsaidia, nikakuta sina la kusema, kwa sababu hata mimi sikuona kitu. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, magunia yakatuangukia visogoni, gari likasimama.

Akashuka amejikinga uso kwa kiganja. "We mwendawazimu! Nani kakupa leseni? Unafunga taa za kuua watu barabarani?"

"Shemeji?" ikaitika sauti upande wa pili. "Si wewe ulinipeleka? Si wewe uliyesema ziinuliwe?"

Mkuki kwa nguruwe. Kaka akazima taa zake. Nikanyoosha mkono nikazima zetu. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, na kwa mwanga ule wa Mungu usioandikwa namba tukaona kilichokuwa katikati yetu. Mkokoteni wa maji. Na muuza maji yuleyule ameukumbatia, bampa moja mbele yake, jingine mgongoni. Safari hii hakuruka mtaroni, maana hakuona mtaro uko upande gani.

Muuza maji akajipapasa mbavu, akapapasa miguu, akakuta vyote vipo.

"Mzee," akasema taratibu, "mara ile uliniambia taa zako hazimuliki. Leo ni nini?"

Nilimwona mume wangu akilitafuta jibu. Aliziangalia taa. Akamwangalia shemeji yake. Mungu anisamehe, nilitamani nimsaidie, niseme ni ukungu, ni vumbi, ni chochote kile.

"Ni macho," akasema. "Ni macho yangu, ndugu yangu. Nisamehe."

Akazunguka gari akaja upande wangu, akafungua mlango, akaninyooshea ufunguo.

"Nenda kule ukae."

"Mimi sijui kuendesha, baba."

"Miaka yote hii umeliendesha gari hili kwa mdomo," akasema. "Mikono itakushindaje?"

Nililia palepale, sioni haya kusema. Kaka alinipeleka sokoni na mayai yake, na kigari chetu kikachukuliwa na fundi yuleyule hadi bandani kwake. Balbu za zamani zilikuwa rafuni, gazeti halijakunjuliwa.

Sasa jioni tunakwenda kiwanja cha mpira, mimi na leseni yangu ya mwanafunzi. Hospitali amekubali. Si kwa ajili yake, anasema, ni ili aweze kukagua vizuri ninavyoharibu gia. Anakaa kiti changu, mkono kwenye dashibodi, na mdomo wake haupumziki.

"Shimo hilo, mama!"

Nikatazama mbele. Nyasi tupu, kiwanja kitupu hadi golini.

"Nimeona," nikamwambia, nikakata usukani kidogo, nikalikwepa.