Kivuli Juu ya Kokoto

Nesi mstaafu wa ghorofa ya pili, hapo mtaa wa Al Khuwair, hakupi mkono ila vidole vyake viwili viteleze hadi kwenye mshipa, vikuhesabie mapigo huku akikuuliza habari za nyumbani. Jana jirani yake, Shurooq, alimwonesha picha iliyotumwa kutoka Portsmouth, Uingereza, alikofanya kazi nesi huyo ujanani: manesi weusi na Wahindi wakicheka ufukweni. Huko kuna watu wanaoandaa maonesho ya picha za manesi wa zamani, nao wanatafuta majina yao.

“Huyu Pearl, wa Jamaika. Huyu Kusum, wa Mombasa. Na majina ya baba zao uyaandike, mwanangu, nnayakumbuka yote.”

“Na wewe, bibi, uko wapi?”

“Mie ndo n'loshika kamera.”

Vidole viwili vikashuka, vikatua juu ya kivuli chembamba kilicholala kwenye kokoto pichani, miguuni pa manesi, vikatulia hapo kama vinatafuta mapigo.