Kijitabu cha Rangi ya Damu ya Mzee

Marehemu mume wangu aliununua mchezo ule dukani akapewa risiti, na risiti hiyo ninayo hadi leo. Ninalitaja hili mapema kwa sababu yote yaliyonipata mwaka huu yalitokana na mashine iliyonishuku kuwa mwizi.

Ni mchezo wa kupanga matofali. Yanashuka moja moja kutoka juu ya kioo cha kompyuta, nawe unayageuza na kuyapanga hadi safu ijae; ikijaa, hutoweka. Lakini kabla tofali la kwanza halijashuka, kompyuta huuliza: katika kijitabu kilichouzwa pamoja na mchezo, ukurasa fulani, mstari fulani, neno la tatu, tuseme, ni lipi? Ukikosea mara tatu, mchezo unajifunga. Watengenezaji waliweka ulinzi huo ili yule aliyenakili mchezo kwa rafiki, asiye na kijitabu, asiweze kuucheza. Kwetu, mume wangu alisoma neno, nami nikalichapa. Nilianza ngumbaru nikiwa na umri wa miaka thelathini na minane, na maneno ya kwanza ya Kiingereza niliyoyaandika bila kusahihishwa niliyaandika pale.

Kijitabu alikiweka katika mfuko wa ndani wa koti lake la kijivu, wajukuu wasije wakakichana. Tulimzika Jumamosi, tarehe ishirini Julai mwaka jana, nyumbani kwao magharibi. Siku ya tatu nguo zake ziligawanywa, kama ilivyo desturi yetu, na koti likamwendea mdogo wake anayeishi Kabiria, mwendo mfupi kutoka hapa kwangu Riruta. Nililikunja mwenyewe, nikamkabidhi mbele ya watu. Sikupapasa mifuko. Mjane anayepapasa mifuko siku ile husemwa hadi aingie kaburini.

Februari ilipofika, niliondoa kitambaa cha kufuma nilichoifunikia kompyuta, nikaiwasha. Nilitaka kucheza. Sina sababu nyingine ya kutoa. Mtu anayemaliza kazi za nyumba saa nane mchana, akabaki na saa nne mbele yake kabla ya giza, ataelewa. Mashine ikauliza neno lake. Mkononi sikuwa na kitu.

Nilijizuia siku tisa. Kwetu, kilichogawanywa hakidaiwi. Jumatano, tarehe kumi na mbili, nikaenda Kabiria nikamwambia shemeji kwamba mfukoni mwa koti mna kitabu cha kompyuta ninachokihitaji. Sikusema uongo. Ukweli wote pia sikuusema, kwa maana mjane wa miezi saba hawezi kusimama mlangoni kwa watu akaomba mchezo.

“Mulamwa,” akasema, maana ndivyo anavyoniita kama mke wa kaka yake, “koti ni langu na vilivyomo ni vyangu. Lakini nitakuazima. Ijumaa kiwe kimerudi mfukoni.”

Mke wake akachungulia kutoka jikoni. “Kwani umeandikwa ofisini na hutuambii? Ama ni mtihani tena? Wewe na shule!”

Nikacheka kidogo, kwa heshima, nikaondoka na kijitabu.

Alhamisi asubuhi nilikuwa mjini, River Road, kwenye duka la fotokopi. Kijitabu kile kina karatasi za rangi ya damu ya mzee, na maandishi yake ni meusi. Mwenye duka, mwanamke wa makamo, alijaribu ukurasa mmoja, akapunguza wino, akajaribu tena.

“Mum, hii haitoki. Mashini inaona giza tu. Nani alichapa kitu hivi?”

Aliyechapa alijua anachofanya. Alijua kwamba siku moja mtu atakwenda fotokopi, naye alikuwa amekwisha kumfungia mlango.

Nikarudi nyumbani, nikatoa daftari na kalamu. Kurasa zilikuwa ishirini na nne. Niliandika mchana kutwa, nikaamka Ijumaa alfajiri nikaendelea. Kila ukurasa wa kijitabu niliupa ukurasa wake katika daftari, na kila mstari niliujaza hadi pambizoni, kama mwalimu wa ngumbaru alivyotufundisha: daftari ni mali, nafasi haitupwi. Hapakuwa na neno lililofutwa. Kabla ya adhuhuri kijitabu kilikuwa kimerudi Kabiria, nami nilitembea barabarani nimeinua kichwa.

Jumamosi mashine ikaniuliza ukurasa wa tisa, mstari wa sita, neno la pili. Nikahesabu, nikachapa. Si hilo. Nikahesabu tena kwa kidole. Si hilo. Ndipo nikaelewa. Maneno yote nilikuwa nayo, lakini mistari ilikuwa yangu. Mstari wangu mmoja ulimeza mstari mmoja na nusu wa kijitabu. Mashine haikutaka kujua kilichoandikwa. Ilitaka kujua mahali kilipoandikwa.

Sijui kama nimewahi kukasirika hivyo tangu mazishi. Fundi mmoja wa kompyuta aliniambia, “Mama, leta hiyo mashini nitoe hiyo ulinzi. Dakika tano tu.” Nikamjibu kwamba mume wangu hakununua kitu ili mjane wake akiibe. Akanitazama kama mtu anayeona mzee akichota maji kwa pakacha. Walioiba wanacheza. Mwenye risiti anahesabu maneno.

Kwa wiki mbili niliweza kucheza tu mashine ilipouliza mstari wa kwanza, ambao hesabu yake haikupotea. Nilifungua na kufunga, nikingoja swali hilo. Jumanne moja nilifungua mara kumi na tisa bila kulipata.

Jumapili, tarehe mbili Machi, baada ya ibada, nikaenda Kabiria na daftari na kalamu nyekundu. Mke wa shemeji ndiye aliyenifungulia.

“Kile kitabu,” nikasema. “Sikichukui. Nataka kuketi hapa niweke alama mahali mistari inapoishia.”

“Alama za nini?”

“Za mchezo. Ni mchezo wa matofali. Bila mistari hauniruhusu kucheza.”

Akapaza sauti kuelekea chumbani. “Baba watoto! Njoo usikie! Sisi hapa tunaombea mtu, tunasema amejifungia analia, kumbe anacheza gemu!”

Shemeji akatoka amelivaa koti lenyewe, akicheka hadi akashika mlango. Sikucheka. Niliketi mezani, nikanyoosha mkono, akakitoa mfukoni na kunipa. Mkewe akavuta kiti. “Lete, nikusomee neno la mwisho la kila mstari, tutakaa hapa hadi Pasaka.” Alisoma kwa sauti ya kuigiza mhubiri, kurasa zote ishirini na nne, akinidhihaki kila alipopata pumzi, nami nikachora vijistari vyekundu katika mwandiko wangu safi. Uliharibika wote.

Jumatatu, saa nane mchana, mashine iliuliza ukurasa wa kumi na nne, mstari wa tatu, neno la tano. Nikalichapa. Matofali yakaanza kushuka. Nilicheza vibaya sana, nikashindwa upesi, nikaanza tena.