Nusu Inchi ya Majirani

Mtu asinisimulie habari za Bi Muhiba. Mimi nilikuwa mpangaji wake pale Majengo, mlango kwa mlango. Alikuwa mjane muuza vitumbua, na mwaka wa hamsini na saba akapata kazi isiyo na mshahara: kupima mvua.

Mwaka huo wataalamu wa nchi nyingi walipatana waipime dunia kwa pamoja. Bwana mmoja wa hali ya hewa akaja kutafuta wa kujitolea, akamwachia kopo la shaba, bilauri yenye mistari na daftari. Kila saa tatu asubuhi Bi Muhiba alipima, akaandika, kisha akakaa kibarazani, kitumbua kikipoa mkononi. "Lela," akiniambia, "sasa hivi kuna mwanamke Bara Hindi anachungulia kopo lake. Hanijui, simjui, na hesabu zetu zitalala karatasi moja." Macho yake yalikwenda mbali, nisikofika mimi. Nilimwonea gere, wallahi.

Basi vuli ikagoma. Wiki tano, sifuri juu ya sifuri. Na bwana yule alikuwa aje Jumatatu kukagua; daftari likiwa halifai, kopo linahamishiwa kwingine. Sisi tukaona hizo sifuri ni aibu. Na Majengo jirani haachwi aaibike mbele ya mgeni. Akiishiwa sukari unampitishia uani, unanyamaza. Alfajiri ya Jumatatu hiyo, yeye yuko kwenye mswala, nikamimina kikombe cha kahawa cha maji koponi. Anyango, mke wa fundi wa reli, akamimina chake. Mama Saad wa nyumba ya pili chake.

Saa tatu, nusu inchi! Bi Muhiba akaiandika kwa wino huku analia. "Imenyesha nimelala, Lela! Na niliiota!" Kisha akatazama chini. Vumbi tupu. Nami mjinga nikacheka. "Tumekusitiri, bibi."

"Mmenisitiri? Mmenivua nguo mbele ya dunia! Yule wa Bara Hindi nimwambie nini?" Nilitamani ardhi inimeze.

Bwana alikwisha fika mlangoni. Bi Muhiba angenyamaza tu, na sisi tungemwapia kuwa ilinyesha. Lakini aliikata kwa mstari ile nusu inchi, akaandika upya, akampa daftari.

"Mvua: sifuri. Maji ya majirani: nusu inchi."

Bwana alisoma mara mbili. Halafu akainama, akamwaga maji yetu, akalifuta kopo kwa leso yake na kulirudisha pale pale.