Mke wa Ndolo wa Kule Emali

Nzisa Musyimi alikuwa na miaka thelathini na minne, agroveti yake mwenyewe, duka la dawa za mifugo pale sokoni Zombe, na kipaji cha kumjua mtu kupitia mbuzi wake. Mteja wa dawa ya minyoo alijibu maswali mawili matatu kuhusu mnyama, na kabla hajatoka Nzisa alikuwa amejua kama ni mvivu, kama ni mchoyo, na kama mkewe bado anamsemesha. Kwa wanaume wasiofuga, hakuwa na kipimo. Ndiyo maana alijiunga na Mwambie Dada.

Hiyo ilikuwa apu ya wanawake tu. Ukishatoka na mwanamume, unaingia humo, unampa nyota kuanzia moja hadi tano na unaeleza sababu. Jina lake unaliandika, lako halionekani. Iliwahi kumnasa mwalimu mmoja aliyechumbia wanawake watatu katika muhula mmoja, na tangu siku hiyo Nzisa aliiamini kama anavyoamini chanjo.

Kisha akaja Ndolo, fundi wa pampu za visima kutoka Mukuyuni, mtu wa maneno machache. Alikuja kutengeneza pampu ya Zombe, na akakaa wiki tatu baada ya pampu kupona. Nzisa alimtafuta kwenye apu. Hakuwemo. Mwanamke mwingine angemshukuru Mungu. Nzisa aliingiwa na hofu ya mtu aliyeona ng'ombe mnono, asiye na chapa, akijilisha kando ya barabara. Basi akampiga chapa.

Aliandika: "Ndolo, fundi wa pampu, Mukuyuni. Ana mke Emali na mtoto mmoja. Nyota moja. Kaeni mbali." Mtoto alimwongeza mwishoni, kwa sababu mke peke yake alionekana kama uvumi.

Wanawake sitini walishukuru. Yangeishia hapo, lakini watatu wakaleta ushahidi wao. Wa kwanza alisema Ndolo alimdanganya hivyo hivyo. Wa pili alimjua mke mwenyewe: mrefu, anauza viatu. Wa tatu alikuwa amemwona mtoto, na akaapa kwamba ni Ndolo mtupu.

Nzisa aliyasoma hayo mara tatu. Alijua fika kwamba mke huyo alizaliwa Jumanne, nyuma ya kaunta, kati ya mteja wa dawa ya kupe na mteja wa chumvi ya ng'ombe. Hata hivyo, Ndolo aliposema ana kazi upande wa Emali, chakula cha mchana kilimshinda.

"Unaenda kufanya nini Emali?"

"Pampu."

"Pampu tu?"

Akajaribu kufuta alichoandika. Apu ikamjibu kwamba ushuhuda haufutwi, kwa usalama wa akina dada.

Miezi miwili baadaye Ndolo alifika Kanyangi, nyumbani kwa kina Nzisa, na mbuzi wa ntheo kwenye pikapu. Ni wale watatu ambao wakishapokelewa na baba wa msichana, kwa desturi ya Wakamba, msichana amekwisha kuolewa. Yanayofuata ni mapambo. Alikuja na mjomba wake, Mzee Mwau. Upande wa pili alikaa babake Nzisa, na shangazi Mbula, mwalimu mkuu mstaafu aliyechunguza kila mkwe wa ukoo. Zamani aliuliza wanawake wa sokoni, ambao nao walianza kwa kusema, "Usiseme ni mimi." Sasa alikuwa na simu.

Kabla kamba za mbuzi hazijafunguliwa, shangazi alivaa miwani na kusoma yote, tangu mke hadi viatu.

Ndolo alisema hana mke. Mzee Mwau aliomba hao mashahidi wanne waje wakae hapa, wapewe chai, waseme. Shangazi akamjibu kwamba hawana majina.

"Huyo mtoto je?" akamgeukia Ndolo. "Hujawahi kuulizwa?"

Ndolo alifikiri. "Nimeulizwa. Miezi miwili sasa, akina mama wa Mukuyuni wananiuliza mtoto hajambo."

"Ukawajibu nini?"

"Nilisema hajambo. Nilidhani ni salamu."

Babake Nzisa akasimama. Alisema mbuzi warudi Mukuyuni, na kwamba hana neno baya na mtu. Mzee Mwau aliifuata fimbo yake. Nzisa aliona mlango wa pikapu ukifunguliwa, na akajua kwamba akinyamaza hatamwona tena huyo mwanamume.

"Huyo mke ni wangu," alisema. "Nilimtunga mimi. Na mtoto."

"Na hawa wengine watatu?" shangazi aliuliza.

"Hao siwajui."

Ndolo alimgeukia Nzisa. "Ulinipa nyota moja?"

"Haina sifuri."

Mzee Mwau akarudi kwenye kiti chake. Alisema wao walichunguzwa bila kujua. Sasa upande wao pia utauliza, lakini msichana akiwepo. Swali lilikuwa moja: uongo uliosomwa Mukuyuni nzima utarudishwaje? Nzisa alitoa simu na kuandika papo hapo: "Mimi Nzisa Musyimi wa Zombe nilidanganya." Apu ikakataa. Kwa usalama wako, ilisema, usitaje jina lako.

Mzee Mwau aliazima miwani ya shangazi, akajisomea mwenyewe.

"Kanisa letu Mukuyuni liko na kipaza sauti," alisema. Akawaacha mbuzi wawili, wa tatu akapanda naye pikapu kungojea Jumapili.

Jumapili, kati ya tangazo la chanjo ya kuku na la mkutano wa akina mama, Nzisa alisimama mbele ya watu asiowajua akataja jina lake, duka lake, na alichokifanya. Hakuongeza kitu. Kwenye benchi la tatu, mama mmoja akainua mkono.

"Kwa hivyo hata mtoto hayuko?"

"Hayuko, mama."

Watu wakainamisha vichwa kama waliofiwa. Nyuma kabisa, Ndolo aliinuka akatoka bila kumtazama. Nzisa alibaki ameshika kipaza sauti, hajui akirudishe kwa nani. Ndipo aliposikia, kupitia dirisha, mbuzi akilia kwa kuburutwa, na Ndolo akimwambia mjomba wake awashe gari, Kanyangi ni mbali.