Karani wa "Satenli" Amepewa Kamba

Jamani, leo karani wetu kapoteza Kiingereza chake mdomoni mwa shimo la dhahabu.

Ni huyu Idi, karani na mkalimani aliyeletwa kutoka Shinyanga mjini, anayefunga tai kwenye vumbi la Geita. Mzungu mwenye mgodi akiuliza chochote, yeye ni "satenli", "definetli", "andautedli". Yote hayo ni hakika tu. "Labda", anasema, ni neno la washamba. Yaani sisi.

Leo asubuhi, baada ya mvua, mzungu kauliza kama shimo ni salama.

Mzee Masanja, anayeegemeza kuta kwa magogo, akajibu, "Labda. Ngoja nikague."

Idi akamgeukia mzungu. "Satenli, bwana. Definetli."

Maneno hayo tumeyasikia mpaka tumechoka, hayahitaji mkalimani.

Masanja akachukua kamba, akamwekea Idi mkononi.

"Bwana Karani, hapa kwetu anayesema shimo ni salama ndiye anayetangulia kushuka."

Mzungu anaijua desturi hiyo. Akampisha.

Idi akaitazama kamba. Akavitazama viatu vyake. Akachungulia chini.

Halafu, kwa kisauti cha mtu anayeomba maji:

"Pahapsi, bwana."

Labda.

Masanja akashuka mpaka kwenye gogo la kwanza, akagonga ukuta. Udongo wa chini ukaporomoka wote, yeye akapanda salama. Watu kumi tungekuwa chini ya udongo huo.

Huyu karani kesho tumwamkie kweli? Semeni nyinyi.

Kumbe hilo neno "labda" alikuwa nalo siku zote. Alikuwa analitunza kwa ajili ya ngozi yake mwenyewe.