Mtu wa Kumi

Nichekeni tu jamani, njaa ndiyo iliyoniponza. Juzi nilimaliza zamu hotelini huku ughaibuni, mtaa wa Garhoud, nikavaa kofia yangu ya vito niwahi alasiri msikitini. Mlangoni mwa ukumbi wa hoteli walisimama wageni tisa, Wayahudi, nao wamevaa vikofia. Mzee wao aliponiona akanikumbatia: "Wa kumi huyo! Yalla, ingia!"

Mimi nikajua ni karamu. Kumbe ni sala ya jamaa, na kwao haisimami bila wanaume Wayahudi kumi! Nikaona haya kutoka. Nikapewa kitabu, nikakifungua kutoka kulia kama msahafu wa chuoni, na kila wakiitikia, "Amina" yangu ikawashinda wote.

Mara simu yangu ikaadhini mfukoni.

Mzee akanitazama, akaitazama kofia, akacheka hadi machozi. "Jamani, bado tuko tisa."